Civita di Bagnoregio: Kijiji cha Mtakatifu Bonaventura Juu ya Mwamba Unaomomonyoka

Civita di Bagnoregio ni kijiji cha kale kilichojengwa juu ya kilima katika Mkoa wa Viterbo, nchini Italia, takriban kilomita 120 kaskazini mwa jiji la Roma. Ndipo alipozaliwa Mtakatifu Bonaventura, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, ambaye kumbukumbu yake Mama Kanisa huiadhimisha kila tarehe 15 Julai. Kijiji hiki kimepewa jina la "mji unaokufa", kwa kuwa ardhi inayokibeba humomonyoka mwaka hadi mwaka. Wenyeji wake wamepoteza nyumba, barabara na hata hadhi ya kanisa kuu lao, lakini hawajaacha kusali pale walipofundishwa kusali na wazee wao.

Asili yake na chanzo cha mmomonyoko

Civita ilianzishwa na Waetruski yapata miaka 2,500 iliyopita, kabla Roma haijawa dola kubwa. Sehemu ya juu ya kilima ni mwamba mwepesi uliotokana na majivu ya volkano, na chini yake ni udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito viwili vya bondeni hula udongo huo polepole. Mwamba unapokosa egemeo hupasuka na kuporomoka pamoja na nyumba zilizo ukingoni. Ndiyo maana kijiji kimezungukwa na makorongo makubwa pande zote.

Katika Zama za Kati Civita ilikuwa makao ya askofu. Tarehe 11 Juni 1695 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu mji, na baadaye askofu pamoja na viongozi wa serikali wakahamia upande wa pili, mahali panapoitwa Bagnoregio hata leo. Jimbo lenyewe liliunganishwa na Jimbo la Viterbo mwaka 1986.

Mambo ya kuona

Magari hayafiki Civita. Mhujaji huvuka kwa miguu daraja jembamba la zege lenye urefu wa mita 300 hivi, lililojengwa mwaka 1965, kisha huingia kwa lango la mawe liitwalo Porta Santa Maria. Njia huelekea kwenye uwanja wa kijiji, ambapo lipo Kanisa la Mtakatifu Donato, lililokuwa kanisa kuu la jimbo. Ndani yake umehifadhiwa Msalaba wa mbao wenye sanamu ya Kristo, kazi ya karne ya 15. Kila Ijumaa Kuu Msalaba huo huchukuliwa kwa maandamano hadi Bagnoregio. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, ni lazima urejeshwe kabla ya saa sita usiku, la sivyo Civita itaupoteza.

Mtoto wa Civita

Bonaventura alizaliwa mwaka 1217 hivi, akaitwa Yohane. Akiwa mtoto aliugua sana, naye mwenyewe alishuhudia kwamba aliponywa kwa maombezi ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Alijiunga na Shirika la Ndugu Wadogo, akafundisha Paris, na mwaka 1257 akachaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika. Mwaka 1273 aliteuliwa kuwa Kardinali. Alifariki dunia tarehe 15 Julai 1274, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Lyon. Alitangazwa kuwa Mtakatifu mwaka 1482, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1588.

Nyumba ya wazazi wake haipo tena, kwani mahali ilipokuwa pameporomokea bondeni. Masalia yake huko Lyon nayo yaliharibiwa katika vita vya dini vya karne ya 16. Uliobaki ni mkono wake, uliokuwa umeletwa nyumbani mapema, nao unatunzwa katika Kanisa la Mtakatifu Nikola, Bagnoregio. Papa Benedikto XVI, aliyeichambua teolojia ya Bonaventura tangu ujana wake wa upadre, alihiji huko tarehe 6 Septemba 2009.

Fundisho kwa waamini

Leo wakazi wa kudumu wa Civita hawafiki 20, ilhali wageni huja kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Tangu mwaka 2013 hutozwa kiingilio kinachosaidia kukitunza kijiji. Wataalamu huimarisha mwamba, lakini hakuna awezaye kuuzuia mmomonyoko kabisa.

Bonaventura alifundisha kwamba viumbe vyote ni nyayo za Muumba. Mwenye macho ya imani huvitazama, huvishukuru, kisha huvitumia kama ngazi ya kumpandia Mungu, bila kukwama kwa vyenyewe. Fundisho hilo linatuhusu sisi tunaochangia kwa jasho ujenzi wa makanisa na vigango vyetu. Tuyajenge na kuyatunza kwa bidii, maana ni nyumba za sala. Lakini kanisa lisilo na katekesi, wala familia zinazosali, wala watoto wanaofundishwa imani, litabaki kuwa jengo la kutembelewa tu, hata likisimama karne nyingi.

Mtakatifu Bonaventura, utuombee.