Mabingwa wa Sataranji wa Baghdad

Wacheza sataranji wa leo hupewa alama na kupangwa kwa uwezo wao, na wengi hudhani jambo hilo ni la juzijuzi. Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na matabaka matano. Wa juu kabisa waliitwa aliyat, na hawakuzidi wachache katika kizazi kimoja. Wa pili ni wale walioweza kumfunga bingwa michezo 2 hadi 4 katika 10. Kushuka hapo, bingwa alijipunguzia kete ili mchezo uwe na ladha: kwa tabaka la tatu aliondoa waziri wake, kwa la nne farasi, kwa la tano ngome.

Kumkosa waziri haikuwa hasara kubwa. Waziri wa zama hizo alikwenda kimshazari, hatua moja tu. Tembo aliruka miraba miwili, na katika ubao wenye miraba 64 alifika 8 basi. Kwa mwendo huo wa kobe, kila mmoja alipanga kwanza safu zake kwa mtindo aliouhifadhi, ulioitwa tabiya, ndipo vita vikaanza. Ukimmaliza mpinzani kete zote akabaki na mfalme peke yake, umeshinda.

Wanazuoni nao walikuwa na la kusema. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Pwani yetu, hakuuharamisha mchezo huu maadamu hakuna fedha za dau wala sala haicheleweshwi.

Ubingwa ulitegemea ikulu. Al-Adli, aliyeandika kitabu cha sataranji, alivuliwa ufalme wake na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil. Baadaye, kwa al-Muktafi (902–908), kipenzi cha khalifa alikuwa al-Mawardi. Akaletwa as-Suli kupambana naye. Khalifa alimshangilia mtu wake waziwazi, jambo ambalo mwamuzi yeyote wa leo angelikemea, na mwanzoni as-Suli akababaika. Alipotulia alimshinda vibaya mno, hata khalifa akageuka na kumkejeli kipenzi chake kwamba maji yake ya waridi yamekuwa mkojo, maana jina la Mawardi latokana na marashi hayo. Mapenzi ya watawala!

As-Suli mwenyewe aliyaonja. Alikuwa mwalimu wa ar-Radi kabla hajawa khalifa, lakini ar-Radi alipofariki mwaka 940 nyota yake ilizima, naye akafia Basra, fukara, miaka michache baadaye. Mwanafunzi wake al-Lajlaj aliendelea kuchambua tabiya kwa maandishi.

As-Suli aliacha pia fumbo moja: kila upande una mfalme na waziri tu, na mweupe acheze ashinde. Alijigamba kwamba hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa naye. Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, alichapisha ufumbuzi katika miaka ya 1980, akifuata kanuni za mchezo ambao Ulaya ilikuwa imeuacha kwa karibu miaka 500.