Debe Tupu na Kibati cha Kukatia Biskuti

Wahenga walinena ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma, nao walikusudia kumkemea mtu wa maneno mengi asiye na maarifa. Lakini kwa fundi bati wa mji mdogo kama Mombo, debe likiisha kuwa tupu ndipo lianzapo kufaa. Humo hutoka koroboi, jiko la makaa, kopo la kuchotea maji, na hata kibati kidogo cha kukatia biskuti.

Asili ya debe hilo ni safari ndefu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea hata Moshi mwaka 1911. Mombo iko chini ya milima ya Usambara, pale ipandapo barabara ya Lushoto, mji ulioitwa Wilhelmstal zamani za Wadachi. Kwa hiyo mizigo ya mlimani ilishushwa hapo. Katika zama hizo mafuta ya taa yalisafirishwa ng'ambo katika madebe ya lita 18 hivi, mawili katika sanduku moja la mbao.

Thamani ya chombo hicho haikujulikana na wauzaji wote. Mwaka 1892 Marcus Samuel, mfanyabiashara wa London, aliipitisha meli yake Murex katika mfereji wa Suez ikiwa imejaa mafuta pasipo madebe, akidhani ya kuwa wanunuzi wa Asia wangeleta vyombo vyao. Wanunuzi walisita, kwani walizoea kulifanya debe kuwa paa, kikombe na tundu la ndege. Ikambidi apeleke bati, madebe yakatengenezwe huko huko. Kumbe mnunuzi alikuwa akinunua vitu viwili kwa bei moja.

Kibati cha biskuti ni mtoto wa debe hilo. Zamani za Waingereza shule za wasichana na vyama vya akina mama vilifundisha mapishi, na biskuti zikaokwa hata pasipo tanuri, kwa sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini. Kibati chenyewe chataka ukanda wa bati wenye upana wa vidole viwili. Ukingo wa juu hukunjwa na kugongwa usije ukakata mkono. Wa chini huachwa mkali ukate unga uliokandwa. Ukanda huzungushwa juu ya kipande cha mti, ukapata sura ya mwezi, samaki au jani. Ncha zake hufungwa kwa mkunjo, nao ni salama kuliko lehemu ya kale iliyochanganywa na risasi. Hapo mwenye nyumba hachagui sura iliyopangwa na kiwanda, huamua mwenyewe.

Siku hizi dumu la plastiki limechukua kazi nyingi za debe, ingawa sokoni debe lingali kipimo cha mahindi. Plastiki haikunjwi wala haigongwi, na ujuzi wa mkono hupungua pamoja na bati. Mwandishi wa historia ya reli ya Tanga huhesabu maili na tani za mkonge, na ni haki afanye hivyo. Lakini asiposimulia yaliyotendwa na debe baada ya mafuta kwisha, atakuwa ameandika habari za mzigo, akawasahau walioupokea.