Roboti za Kuvaliwa na Mwendo wa Mbebaji Mizigo

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi leo mizigo mingi katika Mtaa wa Kongo hubebwa kichwani na mabegani, kwani penye msongamano hata guta hukwama.

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi yao ya oksijeni. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulieleza sababu: mwili wa mbebaji huyumba kama pendulamu, na nishati ya kuinuka hurejea kusukuma hatua ifuatayo. Vipimo vya baadaye nchini Afrika Kusini havikuona nafuu hiyo kwa kila mbebaji.

Wabunifu wa roboti za kuvaliwa hufuata mantiki iliyo karibu na hiyo, yaani kutopoteza nishati ambayo mwili umekwisha kuilipia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionesha kifaa cha kifundo cha mguu kisicho na mota wala betri, kilichoiga kano ya kisigino. Klachi hushika springi mguu ukiwa chini na kuiachia unapoinuliwa. Matumizi ya nishati yalipungua kwa asilimia 7.2, lakini springi ilipokazwa kupita kiasi faida ilitoweka.

Kwenye vifaa vya mota, ugumu mkubwa ni wakati wa kusukuma. Msukumo ukiwahi au ukichelewa, mvaaji huchoka zaidi. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza kifaa kinachojifunza mwendo wa kila mvaaji; kasi iliongezeka kwa asilimia 9, na nishati kwa umbali uleule ikapungua kwa asilimia 17.

Mbebaji wa Kariakoo, hata hivyo, husimama, hupinda na hukwepa pikipiki kila hatua chache. Tena vifaa hivi husaidia mguu. Shingo na uti wa mgongo hubaki na mzigo wote.

Wanaoweza kunufaika mapema ni wenye ulemavu wa miguu. Nchini, vifaa saidizi hutengenezwa na wataalamu wa aina ya wanaofunzwa TATCOT, Moshi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Kifaa cha springi ndicho kilicho karibu zaidi na kazi ya karakana zao.