Daftari la Zebaki

Katika jimbo la Ciudad Real, nchini Hispania, upo mji mdogo ambao jina lake Mswahili angeweza kulielewa bila mkalimani. Mji huo huitwa Almadén, na neno hilo ni la Kiarabu, lile lile lililoizalia lugha yetu madini, kama vile zebaki yetu na azogue ya Wahispania zilivyotekwa katika kisima kimoja cha Kiarabu. Waarabu waliotawala Andalusia hawakuwa wa kwanza kuchimba pale, kwa kuwa karne nyingi kabla yao Warumi walikwisha kutoa humo jiwe jekundu lenye zebaki, la kutengenezea rangi. Lakini wao ndio walioupa mgodi jina lililobakia, na waandishi wao wa tarehe husimulia kwamba katika kasri ya Madinat al-Zahra, ambayo Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu alianza kuijenga karibu na Cordoba mwaka 936, palikuwa na birika la zebaki, ambalo lilipotikiswa miali ya jua ilirukaruka kutani hata wageni wakadhani jumba zima linazunguka nao.

Huo ulikuwa mchezo wa wafalme. Kazi iliyoipa zebaki thamani sokoni ilitokana na tabia yake ya kuwa metali iliyo majimaji, nzito kuliko maji mara kumi na tatu na zaidi, ambayo huambatana na dhahabu au fedha iliyotawanyika katika mchanga na kuikusanya donge moja, kisha ikipata moto huiacha na kupaa kuwa mvuke. Mwaka 1554 mfanyabiashara wa Seville, Bartolomé de Medina, alifika Pachuca, Mexico, akabuni njia ya kuitumia tabia hiyo kwa wingi: mawe ya fedha yalisagwa yakawa tope, tope likatandazwa uani, likatiwa chumvi na zebaki, likakanyagwa kwa majuma mengi, kisha likaoshwa na donge lake likachomwa. Katika kila kuosha, zebaki kiasi ilikwenda na maji, na katika kila kuchoma, nyingine ilikwenda na hewa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi huliona kuwa kiini cha tarehe yote hii. Mfalme wa Hispania aliishika biashara ya zebaki mikononi mwake peke yake, na makarani wake, waliojua kwamba wachimbaji huficha fedha ili kukwepa ushuru, waligundua kwamba hawana haja ya kuwapeleleza: waliangalia tu mchimbaji amechukua zebaki kiasi gani. Kanuni iliyotumiwa mara nyingi ilikuwa kwamba ratili mia za zebaki zapasa kuleta marki mia za fedha, na kwa kuwa marki ni nusu ya ratili, maana yake ni kwamba kila ratili moja ya fedha ilitarajiwa kula ratili mbili za zebaki. Upotevu huo haukuwa bahati mbaya wala uzembe. Ulikuwa wa hakika kiasi cha kutozea kodi. Lakini katika madaftari hayo, yaliyoandikwa kwa hati nzuri na kutunzwa hata leo, hapakuwa na safu ya kuandika zebaki hiyo imekwenda wapi.

Iliyowapata watu wa migodini ilijulikana mapema. Mwaka 1593 serikali ilimtuma Mateo Alemán, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, kuwahoji wafungwa waliofanyizwa kazi Almadén, nao wakamweleza habari za wenzao wa tanuri waliotetemeka viungo na kurukwa na akili. Huko Huancavelica, Peru, wenyeji wa milimani waliotolewa vijijini kwa zamu za shokoa ili zebaki ipatikane kwa ajili ya fedha ya Potosí, walikufa kwa wingi hata mgodi ukaitwa mgodi wa mauti. Mto, hata hivyo, haukuwa na wa kuuhoji.

Katika karne ya kumi na tisa biashara hii ilihamia California. Mgodi wa zebaki uliofunguliwa karibu na San José ulipewa jina la New Almaden, na mwaka 1848 dhahabu ilipoonekana Coloma, kando ya Mto American, zebaki ilikuwa tayari jirani, ikisafirishwa katika chupa za chuma zenye uzito wa ratili 76 kila moja. Wachimbaji walielekeza mizinga ya maji kwenye vilima, wakaviporomosha vizima vizima, tope lake wakalipitisha katika mifereji mirefu ya mbao iliyomiminiwa zebaki kwa mamia ya ratili, na katika msimu mmoja mfereji uliweza kupoteza kati ya sehemu kumi na thelathini katika mia ya zebaki yake. Wanajiolojia wa serikali ya Marekani wamekadiria kwamba uchimbaji huo wa mchangani uliacha katika ardhi na mito ya California ratili zipatazo milioni kumi, nyingi zake katika milima ya Sierra Nevada, inakotoka mito ya Yuba, Bear na American. Wakulima wa bonde la Sacramento, walioona mashamba yao yakifukiwa, walikwenda mahakamani, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer alipiga marufuku kumwaga kifusi mitoni. Hukumu ile ilikuwa ya insafu. Lakini shauri lilihusu tope na changarawe, na zebaki iliyokuwa ndani ya tope hilo haikuwa na mdai.

Wala wataalamu wa zama hizo wasingeweza kuidai, kwa sababu ilidhaniwa kwamba zebaki ikizama chini ya mto hutulia pale kama jiwe. Waliouvunja udhani huo ni Waswidi, ambao katika miaka ya 1950 na 1960 walishangaa kuona ndege wa mashambani wakifa baada ya kula mbegu zilizotiwa dawa ya zebaki, wakapima manyoya ya ndege waliohifadhiwa katika makumbusho, ya zamani na ya karibuni, na kukuta kwamba ndege walao samaki nao walikuwa na zebaki iliyozidi kadiri miaka ilivyosonga. Mwishoni mwa miaka hiyo Søren Jensen na Arne Jernelöv walionyesha sababu: katika tope la chini, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza zebaki kuwa sumu nyingine, zebaki ya methili, ambayo huingia katika viumbe wadogo, kisha katika samaki wanaowala, kisha katika samaki wanaowala samaki hao, ikizidi kila hatua, hata samaki mkubwa akawa nayo mara milioni moja kuliko maji anamoogelea.

Wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kulipa gharama ya elimu hiyo. Huko Minamata, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini sumu ile ile ikiwa tayari imekwisha kuundwa. Paka waliokula samaki walicheza ngoma ya wazimu na kujitosa majini, kunguru wakaanguka kutoka angani, na tarehe 1 Mei 1956 wagonjwa wa kwanza waliripotiwa rasmi, baadhi yao watoto wadogo. Septemba 1958 kiwanda kiliuhamisha mfereji wake na kuuelekeza kwenye mlango wa Mto Minamata, na jambo hilo halikuleta ila wagonjwa wapya katika vijiji vilivyokuwa salama. Serikali ilikiri chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, miaka mitatu baada ya ugonjwa huo huo kuzuka kando ya Mto Agano, Niigata, chini ya kiwanda kingine. Mapatano ya mataifa ya kuizuia zebaki, yaliyotiwa saini mwaka 2013, yakapewa jina la Minamata. Tanzania iliyaridhia mwaka 2020.

Hapana budi kuitaja Tanzania, maana neno la Kiarabu na kitu chenyewe vimekutana tena Geita na kwingineko katika mashamba ya dhahabu ya Ziwa Viktoria. Katika mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu, jiwe lililosagwa kwa karasha huoshwa juu ya mteremko, mchanga mzito hutiwa zebaki katika beseni na kufikichwa kwa mikono mitupu, maji ya kuoshea yakielekea kijitoni. Na tangu miaka ya 1990 watafiti wamepima zebaki katika mchanga wa Mto Mugusu. Hesabu ya makarani wa mfalme imerudi nayo, ila imepinduliwa: wao walikisia fedha kwa kuitazama zebaki, ilhali wataalamu wa leo hukisia zebaki kwa kuitazama dhahabu, wakisema kwamba kila gramu ya dhahabu huondoka na gramu moja ya zebaki na zaidi kidogo. Mchimbaji mwenyewe huijua hesabu hiyo pasipo karatasi. Hulikamua donge katika kitambaa, zebaki inayopenya huirudisha katika chupa ya soda, huiinua chupa juani aone imeshuka kiasi gani, na akifika kwa mnunuzi wa dhahabu hununua ya kujazia.