Njia Ndefu ya Kitabu Gusii

Mwaka 1946 dawa ya DDT ilitiwa katika maji ya mto Riana, kusini mwa Nyanza, Kenya, kwenye mabonde yaliyo chini ya milima ya Gusii. Waliohusika ni daktari P. C. C. Garnham na mtaalamu wa wadudu J. P. McMahon, na windo lao lilikuwa usubi, inzi mdogo anayezaliana katika mito yenye kasi. Akiuma, humwachia mtu vimelea ambavyo huishi chini ya ngozi kwa miaka mingi na mwishowe huingia machoni. Bonde la Kodera, lisilo mbali na hapo, lilijulikana kwa upofu. Miaka michache baadaye ikagunduliwa mahali mabuu ya usubi huyo yalipokuwa yamejificha: yalijishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Mito ikazidi kutiwa dawa, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 inzi huyo alikuwa ametokomezwa Nyanza.

Sifa ya kazi hiyo haijasemwa vya kutosha. Hata hivyo, dawa ya mtoni haikumrudishia mtu macho. Waliokwisha kupofuka walibaki kama walivyokuwa, na mwaka huohuo wa 1946, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii, mji wa Gusii, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika, ya kwanza Afrika Mashariki.

Ili kuelewa walichokikosa wasioona waliobaki nyumbani, turudi nyuma kidogo. Kusoma kuliingia Gusii nyuma ya bunduki. Januari 1908 Mgusii aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, na serikali ikajibu kwa moto na kwa kuteka ng'ombe. Mwaka 1911 mapadre Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu. Waadventista Wasabato wakafuata Nyanchwa. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana mjini Kisii, na misheni zikaporwa katika vurugu hiyo. Kisha shule zikafunguliwa upya, vitabu vya mwanzo vikiwa mara nyingi vya Kijaluo au Kiswahili. Agano Jipya la Ekegusii, lugha ya Wagusii, lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Tangu Mill Hill hadi Biblia nzima ni miaka 77, na hiyo ni hesabu ya wenye macho.

Kusoma kulileta ukarani, ualimu na cheo kanisani. Kulileta pia jambo ambalo halitajwi sana: siri. Anayejua kusoma hufungua barua yake mwenyewe, huona mwenyewe kilichoandikwa kwenye karatasi ya shamba au ya hospitali. Asiyeweza humpa mtu mwingine amsomee, na msomaji huyo huijua habari kabla ya mwenyewe. Katika nchi ambayo shamba ni dogo na kesi za mipaka hazikauki, kusomewa hati na jirani au ndugu si jambo jepesi. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani ya kusoma inapoonekana waziwazi kuliko katika vyeti.

Kwa asiyeona, breli iliweza kuleta siri hiyo. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, aliitunga mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15. Kila herufi hupangwa katika nafasi za nukta sita, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, na kidole kimoja hutosha kuzigusa zote kwa pamoja. Mwanafunzi huweka karatasi ngumu ndani ya kibao chenye vidirisha vidogo, kisha hudunga nukta kwa ncha ya chuma, akianza kulia kwenda kushoto. Karatasi ikigeuzwa, maneno husomeka kushoto kwenda kulia. Ubaya wake ni ukubwa: Biblia ya breli hufika mabuku kama 40.

Mwaka 1950 UNESCO iliitisha mkutano Paris ili breli za dunia zisiachane. Mshauri wake alikuwa Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepofushwa vitani Gallipoli mwaka 1915 na ambaye baadaye alifanya kazi Uganda. Lengo lilikuwa herufi moja iwe na nukta zilezile katika lugha mbalimbali. Faida yake kwa Gusii ni kubwa, maana Ekegusii huandikwa kwa herufi za kawaida zilezile za Kiswahili. Mtu aliyejifunza breli ya Kiswahili, herufi kwa herufi, anaweza kusoma Ekegusii leo hii bila mafunzo mapya. Anachohitaji ni kitabu chenyewe.

Baadaye shule zilisogea karibu. Jeshi la Wokovu lilifungua ya wasioona Kibos, Kisumu. Kwa viziwi, shule za Nyang'oma na Mumias zilianza mwaka 1961. Bado mtoto wa Kisii alilazimika kuishi mbali na wazazi wake. Mtoto kiziwi alikuwa na mzigo wa ziada: hadi miaka ya 1980 shule zilimtaka atazame midomo na kujikakamua kutamka, na mikono ilinyamazishwa. Kusoma lugha ambayo hujawahi kuisikia, huku umenyimwa lugha unayoimudu, ni kazi ngumu mno. Utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991 tu.

Sheria sasa zipo. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara na breli kwa pamoja, katika Ibara ya 7. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa breli au sauti bila kuomba ruhusa ya mwenye haki, kwa faida ya wasioona na wale ambao mikono yao haiwezi kushika kitabu. Vitabu vya kugeuzwa pia vipo: Biblia ya Ekegusii, kwa mfano.

Maktaba nazo, kwa Jedwali la Nne la Katiba hiyo, ni jukumu la kaunti. Kisii na Nyamira zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2019. Mashine ya kuchapa breli, hadithi za Ekegusii zilizorekodiwa kwa sauti, video za lugha ya ishara, na mlango ambao kiti cha magurudumu kinaupita hata siku za mvua na utelezi wa milimani: hakuna hata kimoja kinachongoja Nairobi. Msomaji wa Kisii au Nyamira, kikao cha maoni kuhusu bajeti kikiitishwa katika wadi yako, nenda. Uliza fungu la maktaba ni kiasi gani, na uliza ni vitabu vingapi vya breli vitakavyonunuliwa au kuchapwa mwaka huu.