Mtetemo wa pikapu ya mjomba, na klachi iliyorudi kwa mlango wa nyuma

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu, mnisamehe. Sehemu kubwa ya muda huo sikuwa mbele ya kompyuta, nilikuwa chini ya pikapu ya mjomba wangu kule Matuga. Usiku nilikuwa nasoma habari za Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Föttinger, ambaye alikuwa akishughulika na meli, si pikapu. Mtaona wanakutana wapi.

Mjomba hubeba maembe na nazi kutoka upande wa Shimba Hills, anateremka Kwale hadi Kombani, anashika barabara kuu ya Likoni, anavuka feri, halafu Kongowea. Pikapu yake ni ya diseli na ni otomatiki. Wenzake walimcheka sana alipoinunua. Otomatiki ni gari la kina mama wa mjini, walisema. Lakini mjomba ana goti bovu, na yeyote aliyewahi kukaa foleni ya feri pale Likoni na gari la gia za mkono, akikanyaga klachi kila baada ya hatua mbili, anajua kwa nini mzee wa miaka sitini na kitu ataka otomatiki.

Tatizo lilianza baada ya mvua za mwaka jana. Akiwa mwendo wa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, kakanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kama linapita juu ya vile vituta vidogo vidogo vinavyowekwa kabla ya tuta kubwa. Sekunde mbili, tatu, kisha kimya. Akikanyaga mafuta kwa nguvu, hakuna. Gari likiwa limesimama, hakuna. Linakuja njiani tu, na hasa fundi asipokuwemo ndani.

Fundi wa kwanza alisema injekta. Zikabadilishwa, na injekta za diseli si bei ya maandazi. Fundi wa pili alisema krosi za propela. Zikabadilishwa. Wa tatu alisimama kando, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Mzee, hii giaboksi imekwisha. Tafuta ingine." Niliposhuka kutoka Nairobi nilikuta mjomba ameshaanza mazungumzo ya kuweka rehani kipande cha shamba, kile chenye mikorosho aliyoipanda marehemu babu. Hapo ndipo niliposema ngojeni kwanza.

Nilikuwa na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na kuongea na simu. Nikachomeka, nikasoma. Hakuna kosa hata moja lililorekodiwa. Kompyuta ya gari inasema kila kitu salama salimini, huku mwenye gari akitikiswa meno. Ukiwa mwandishi wa programu unaujua ugonjwa huu: mteja analalamika, na kumbukumbu za seva hazina doa. Ikifika hapo mimi huacha kutafuta kosa na kuanza kuuliza mtambo ulijengwaje, na kwa nini ukajengwa hivyo. Ndiyo nikafika kwa Föttinger.

Mwanzoni mwa karne ya 20 meli zilianza kutumia tabo za mvuke. Tabo inapenda kuzunguka mbio mno, pangaboi la meli linataka kuzunguka polepole. Föttinger alikuwa mhandisi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin (leo ni Szczecin, Poland), na mwaka 1905 alipata hataza ya njia ya kuviunganisha bila chuma kugusa chuma. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa kimiminika. Ya kwanza inazungushwa na injini na kurusha kimiminika, ya pili inasukumwa na kile kilichorushwa. Ukiweka ya tatu katikati, ya kurudisha kimiminika kwa pembe inayofaa, nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Hiyo ya feni tatu ndiyo mafundi wetu wanaiita toki konveta. Kwenye meli haikudumu sana, kwa sababu gia za meno zilikuja kuishinda.

Nani aliileta barabarani? Abiria wa basi. Miaka ya 1920 Mwingereza Harold Sinclair alichoshwa na jinsi mabasi ya London yalivyokuwa yakiruka na kushtuka kila dereva alipoachia klachi. Akaichukua kazi ya Föttinger, toleo lile la feni mbili, akalisukuma hadi kampuni ya Daimler ikaliweka kwenye magari yake mwaka 1930. Sikilizeni vizuri hapo: kifaa hiki kiliingia kwenye magari ili kuondoa mtikisiko. Na sasa ndicho kinachomtikisa mjomba!

Wamarekani wakakishika kwa mikono miwili. General Motors walitangaza giaboksi ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya 1940, ikiwa na feni mbili. Buick wakaleta Dynaflow kwa magari ya 1948, yenye toki konveta kamili. Ilikuwa laini kama siagi, na ilikunywa mafuta kama ngamia. Sababu ni kwamba feni ya pili kamwe haifikii mwendo wa ya kwanza. Daima inabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo inageuka joto tupu. Packard waliliona hilo mapema. Giaboksi yao ya Ultramatic ya 1949 ilikuwa na klachi ndogo ndani ya konveta ambayo, gari likishachanganya, inazifunga feni mbili zizunguke kama kitu kimoja. Lakini petroli Marekani ilikuwa rahisi, nani alijali? Wazo likalala karibu miaka thelathini.

Lililoliamsha ni mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zikafunga mafuta, bei zikapaa duniani kote, nasi huku tukaumia pia. Mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria ya kiwango cha unywaji wa mafuta, ikaanza kuwabana watengenezaji kwa magari ya 1978. Na mwaka huo huo wa 1978 Chrysler wakairudisha klachi ya kufunga. Wengine wakafuata. Kwa hiyo klachi iliyofukuzwa kwa mlango wa mbele ili abiria wasirukeruke, ilirudi kwa mlango wa nyuma ili tenki lisikauke.

Baadaye kompyuta zikaongeza utundu. Badala ya klachi hiyo kufunga kabisa, kompyuta inaiacha iteleze kidogo makusudi, mizunguko michache tu kwa dakika, ili mngurumo wa injini usipite hadi kwa abiria. Kuteleza makusudi, kwa saa nzima, bila kushika na kuachia. Nani anaiwezesha kazi hiyo? Mafuta ya giaboksi. Ndani yake mna dawa inayofanya msuguano upungue kadiri mteleko unavyopungua. Dawa ikichoka, inakuwa kinyume: kadiri inavyokaribia kushika ndivyo inavyong'ang'ania zaidi, inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi kwa sekunde moja. Ni kama kidole chenye unyevu juu ya kioo. Mnasikia ule mlio? Basi huo ndio mtetemo wa mjomba.

(Kidokezo kwa watu wa Pwani: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 dawa hiyo ilitokana na mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama tishari. Marekani ilipompiga marufuku, wanakemia walilazimika kutafuta mbadala, na giaboksi za wakati huo zilipata taabu. Tangu nilipoyasoma hayo siwezi kuutazama mkebe wa mafuta mekundu vile vile.)

Maji nayo ni adui. Mwishoni mwa miaka ya 2010 General Motors walikuwa na malalamiko mengi ya mtetemo kwenye giaboksi zao za gia nane, na jibu walilowapa mafundi wao lilikuwa kumwaga mafuta na kuweka aina nyingine, kwa kuwa yale ya awali yalikuwa yanafyonza unyevu. Giaboksi ya mjomba si ya aina hiyo. Lakini niliposoma hayo nilikumbuka kwamba matatizo yake yalianza baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye vitovu vya magurudumu. Sina ushahidi. Nilikumbuka tu.

Sasa, mbona kidude changu kilikuwa bubu? Tundu lile la kuchomekea lilizaliwa California, kwa ajili ya moshi. Bodi ya hewa ya jimbo hilo ilianza kudai kompyuta za kujipima kwa magari ya 1988, na kufikia 1996 mfumo wa pili ukawa lazima kwa magari madogo yote Marekani. Ulaya ilifuata 2001 kwa petroli, na diseli miaka michache baadaye. Kinacholazimishwa kwa kila gari ni mambo ya moshi. Mteleko wa klachi ndani ya giaboksi kila kiwanda kinauweka kwa lugha yake, na kidude cha bei ya chini hakiijui. Ipo namba ya kosa, P0741, ya klachi hiyo isiposhika inavyotakiwa. Lakini klachi inayoshika na kuachia kwa sekunde mbili inaweza kupita chini ya kizingiti bila kuandikwa popote. Mashine haikudanganya, haikuulizwa tu.

Basi tukarudi kwenye kipimo kisichohitaji umeme. Alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, tukatoka Kombani kuelekea Waa. Mjomba anaendesha, mimi macho kwenye mshale wa mizunguko. Kilomita 70, mafuta kidogo, mguu hautikisiki. Ukaanza. Mshale ukacheza juu chini. Nikamwambia: gusa breki kidogo tu, usipunguze mafuta. Ukigusa breki, kompyuta inaiachia ile klachi. Mtetemo ukakatika hapo hapo, kama mtu aliyezima redio, na mshale ukapanda kidogo ukatulia. Tukarudia mara nne, kisha tukapanda kilima cha Kwale tukarudia tena. Mara zote vile vile. Ingekuwa injekta au propela, kugusa breki kusingebadilisha kitu.

Mjomba aliegesha kando, akazima injini, akakaa kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo injekta zangu zilikuwa nzima."

Tulimwaga mafuta. Yalitoka meusi na yananuka kuungua. Ukimwaga mara moja unatoa sehemu tu, mengine yanabaki ndani ya konveta, kwa hiyo tulimwaga, tukajaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari (si "nyekundu yoyote", tafadhali), akafanya kazi siku tatu, tukamwaga tena, na tena. Baada ya mara ya pili mtetemo ulipungua. Baada ya ya tatu nilikuwa nimesharudi Nairobi. Akanipigia akiwa foleni ya feri: tangu Kwale haujatokea.

Sijamwambia kwamba amepona. Kwenye kile chombo cha chini ya giaboksi tulikuta unga laini mweusi, na unga huo ni klachi yenyewe. Huenda mwakani konveta ikataka kubadilishwa. Hata hivyo konveta moja si giaboksi nzima, na mazungumzo ya rehani ameyavunja. Yule fundi wa tatu, nasikia, sasa anawagusisha watu breki njia nzima ya Tiwi.