Barua ya Makka na Hofu ya Serikali

Mwaka 1908, muda mfupi baada ya kuzimwa kwa Vita vya Maji Maji, ilienea Lindi na sehemu nyingine za pwani ya koloni la Wajerumani barua iliyojulikana kama Barua ya Makka, ambayo iliwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na kuwahimiza watubu. Maofisa wa koloni, kama aliyeumwa na nyoka anayeshtushwa na ung'ongo, waliiona kuwa dalili ya uasi, wakaanza kuwapeleleza walimu wa dini na wafuasi wa tarika, yaani vyama vya Kisufi vinavyoongozwa na masheikh na kuunganishwa na dhikri.

Hata hivyo, nyaraka za aina hiyo hazikuwa jambo geni, kwani Snouck Hurgronje, mtaalamu wa Kiholanzi, alikuwa ameandika mwaka 1884 juu ya onyo la namna hiyohiyo, linalodaiwa kutokana na ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina. Carl Heinrich Becker, aliyefundisha katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg na kuanzisha jarida la Der Islam mwaka 1910, alichapisha mwaka 1911 uchunguzi wake juu ya Uislamu wa koloni hilo. Lakini elimu yake, pamoja na upana wake, ilitumikia swali la mtawala, yaani kama dini hiyo ni hatari, huku maana ya toba kwa watu waliotoka katika vita na njaa ikibaki pembeni. August Nimtz, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alizichunguza tarika zenyewe kama nguvu ya kisiasa nchini Tanzania.